Nani Alianzisha Gemu za Video? Ufuate Waya wa Antena

Kama ulikuwa mtoto wa mjini miaka ya 1990, kazi hii unaikumbuka. Unachomoa waya wa antena nyuma ya TV ya chogo, unachomeka waya wa gemu palepale, kisha mmoja anakaa mbele ya kioo akizungusha kitufe cha chaneli na wengine wanamwelekeza: bado, bado, chenga tupu, rudi kidogo, hapohapo! Kioo kinatulia, bata wanaanza kuruka. Ile mashine ya plastiki yenye kaseti ya njano, iliyoandikwa ina gemu mamia kumbe ni zilezile kumi zinazobadilishwa majina, ilikuwa inajifanya kituo cha televisheni. TV haikuwa na namna ya kujua kwamba haipokei taarifa ya habari. Kwake hayo yalikuwa mawimbi kama mengine.

Naanza na waya huo kwa sababu ndio uliokuja kuamua ubishi mmoja mrefu: nani hasa alianzisha gemu za video. Uliza kijiweni au mtandaoni, utapewa majina manne au matano, na kila anayejibu ana mwaka wake mkononi. Wapo wa 1952, wapo wa 1958, wapo wa 1962, na walio wengi, wale waliosikia habari za kampuni ya Atari, watakutajia 1972 na gemu yake ya Pong. Hakuna anayedanganya. Ila kila mmoja anajibu swali lake, na maswali yenyewe hayafanani: nani alicheza kwanza, nani aliandikisha kwanza, nani aliuza kwanza.

Wa mwanzo kabisa tuwapitie mbiombio. Januari 1947 Thomas Goldsmith na Estle Ray Mann, wa kampuni ya televisheni ya DuMont huko Marekani, waliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ya kifaa ambacho mchezaji anazungusha vitufe kuongoza nukta ya mwanga hadi kwenye shabaha iliyobandikwa juu ya kioo. Hataza ilitoka mwaka uliofuata, kifaa hakikuuzwa. Mwaka 1950 Josef Kates alipeleka kwenye maonyesho ya Toronto mashine ya urefu wa mita 4 iliyocheza na watu ule mchezo wa X na O, lakini majibu yake yalitoka kwa balbu zinazowaka na kuzima. Mwaka 1951 kampuni ya Ferranti ya Uingereza ilifanya jambo linalofanana na hilo kwa mashine iliyoitwa Nimrod, nayo ni taa tu. Mwaka 1952, Cambridge, A. S. Douglas aliiandikia kompyuta ya EDSAC programu ya X na O kwa ajili ya tasnifu yake. Hapo tayari kuna nukta kwenye kioo, na mchezaji alichagua mraba kwa kuzungusha diski ya simu, ile ya tundu kumi ambayo vijana wa leo wataiona makumbusho. Wote hao walitaka kuonyesha kompyuta inaweza nini. Mchezo ulikuwa mfano wa darasani.

Mtu wa kwanza ambaye, kwa maoni yangu, alitengeneza kitu ili watu wafurahi ni William Higinbotham. Alikuwa mwanafizikia katika Maabara ya Taifa ya Brookhaven, jimbo la New York. Wakati wa vita alikuwa Los Alamos kwenye mradi wa bomu la atomiki, akishughulikia saketi za kupima muda, na baadaye akawa miongoni mwa wanasayansi waliopigania silaha hizo zidhibitiwe. Brookhaven ilikuwa na siku za kukaribisha wananchi, na maonyesho yake yalichosha: picha ukutani, mashine zisizoruhusiwa kuguswa. Kitabu cha maelekezo cha kompyuta yao ndogo ya analogi kilikuwa na mifano ya kukokotoa njia ya risasi, ya kombora na ya mpira unaodunda. Higinbotham akaushika ule wa mpira. Akachora saketi, fundi Robert Dvorak akaziunganisha, na tarehe 18 Oktoba 1958 wageni wakakuta tenisi.

Kioo chake kilikuwa cha osiloskopu, kifaa cha mafundi cha kutazamia mawimbi ya umeme, chenye upana wa inchi 5. Uwanja ulionekana kwa ubavuni: mstari wa chini ndio ardhi, kijistari cha wima ndio wavu, na nukta inayopaa na kudunda ndiyo mpira. Kila mchezaji alishika kiboksi chenye kitufe cha kuzungusha cha kuamua pembe na kingine cha kubonyeza cha kupigia. Watu walipanga foleni kwa mamia. Mwaka uliofuata waliileta tena kwa kioo kikubwa zaidi, safari hii ukiweza kuchagua mvutano wa mwezini au wa sayari ya Jupita. Kisha wakaivunja, vipuri vikarudi kwenye kazi nyingine. Kuiandikisha hakukumjia akilini, na mwenyewe alikuja kusema kwamba hata angeiandikisha, hataza ingekuwa mali ya serikali iliyomwajiri.

Baada yake wakaja vijana wa chuo cha MIT. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake walikamilisha Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1: vyombo viwili vya angani vinawindana huku nyota ya katikati ikivivuta. Mmoja wao, Peter Samson, hakupenda nyota za kubahatisha akaweka ramani halisi ya anga. Gemu ilisambaa kutoka chuo hadi chuo bila malipo, na kampuni iliyotengeneza kompyuta hizo ikaitumia kupimia kama mashine mpya ni nzima. Lakini PDP-1 moja iliuzwa takriban dola 120,000, na zilizotengenezwa ni hamsini na kitu tu duniani. Ukitaka kucheza, uwe mwanafunzi, na uwe tayari kukesha.

Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1960 gemu za kwenye kioo zilikuwepo, nzuri, na hakuna raia wa kawaida aliyeweza kuigusa hata moja. Marekani wakati huo ilikuwa na TV mamilioni majumbani. Kila moja ilikuwa kioo kinachosubiri, na kila moja ilifanya kazi moja tu, kupokea.

Ralph Baer ndiye aliyekerwa na jambo hilo. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi iliyokimbilia New York mwaka 1938, akasomea ufundi wa televisheni, na mwaka 1966 alikuwa mhandisi wa ngazi ya juu Sanders Associates, kampuni ya New Hampshire iliyotengeneza vifaa vya kijeshi. Mwishoni mwa Agosti, akiwa New York anamsubiri mwenzake kituo cha basi, wazo la zamani likamrudia: kwa nini mtu asichezee TV yake? Tarehe 1 Septemba aliandika kurasa nne. Bosi wake alimtengea dola 2,500 tu, 2,000 za kazi na 500 za vifaa, pesa ambayo kwa kampuni ya silaha ni ya kahawa.

Hapa inabidi tusogee karibu na kioo chenyewe, maana hukumu zote zilizofuata zimejificha humo.

Picha ya TV ya chogo huchorwa na mwali mmoja wa elektroni. Unaanza juu kushoto, unakwenda kulia ukichora mstari, unarudi kushoto, unashuka, unachora mwingine, mpaka chini, kisha unaruka juu kuanza upya. TV za Marekani zilikuwa na mistari 525, na picha nzima ilikamilika mara 30 kwa sekunde. Mwali wenyewe hauna uhuru wa kuchagua njia. Mawimbi yanayoingia kwa waya wa antena yana kazi mbili tu: kuuambia sasa anza mstari, na kuuambia sasa ng'aa au sasa fifia.

Fikiria mtu anayepanda mahindi mstari kwa mstari, kwa mwendo usiobadilika, na wewe umekaa kwenye mwembe na filimbi. Ukipuliza anapofika hatua ya 20 ya mstari wa 10, anadondosha mbegu. Ukitaka mbegu iangukie mbele zaidi, huna haja ya kumshika mkono. Chelewesha filimbi kidogo. Hivyo ndivyo kisanduku cha Baer kilivyochora nukta. Saketi ilihesabu sehemu ndogo sana ya sekunde tangu mstari uanze, kisha ikatoa mpigo wa mwanga. Kitufe cha mchezaji kilirefusha au kufupisha ule muda wa kusubiri, na nukta ikasogea kulia au kushoto. Saketi nyingine ilifanya hivyo hivyo kwa juu na chini. Hapakuwa na kompyuta wala programu, na hapakuwa na kumbukumbu ya mahali nukta ilipo. Mahali kwenye kioo palikuwa ni muda tu.

Sasa chukua nukta mbili. Utajuaje kwamba zimegongana? Zikitoa mpigo kwa wakati uleule, basi ziko mahali palepale. Saketi ya transista chache inatosha kulinasa hilo. Mwaka 1967 Bill Rusch, mmoja wa wawili waliofanya kazi na Baer (wa pili ni Bill Harrison, aliyekuwa na mkono wa kuunganisha saketi kwa risasi ya kuyeyusha), alipendekeza nukta ya tatu, inayoendeshwa na mashine badala ya mtu. Ikikutana na nukta ya mchezaji, ibadili mwelekeo. Ghafla wakawa na mpira na vibao viwili, wakawa wanacheza tenisi ya mezani kazini, kampuni ikiwa ya kijeshi.

Ukilinganisha na kioo cha Higinbotham, tofauti inaonekana mara moja. Kwenye osiloskopu mwali hauna mistari ya kufuata; unasukumwa na umeme popote unapotaka, kama penseli mkononi mwa mtoto. Ukichukua waya wa osiloskopu ile ukauchomeka kwenye tundu la antena, TV itakupa chenga.

Sanders haikuwa na duka la kuuzia vitu vya watoto, kwa hiyo Baer alizunguka kwa watengeneza TV na kisanduku chake kilichobandikwa plastiki yenye sura ya mbao. Magnavox ndio waliokubali, wakatia saini mwaka 1971, na Septemba 1972 kisanduku hicho, kwa jina la Odyssey, kikaingia madukani kwa takriban dola 100. Odyssey ilikuwa na transista kama 40 tu, haikutoa sauti, haikujua kuhesabu alama. Uwanja wa mchezo ulikuwa karatasi ya plastiki angavu unayobandika kwenye kioo. Ndani ya boksi mlikuwa na dadu, pesa za karatasi za kuchezea na fomu za kuandikia alama, kana kwamba Magnavox wenyewe hawakuamini nukta tatu zinatosha kumkalisha mtu sebuleni. Kadi zake za kubadilishia gemu watu huziita kaseti za kwanza, na hilo si kweli: kadi ile ni vipande vya shaba vinavyounganisha waya hizi na zile. Kaseti yenye programu ndani yake ilikuja 1976 na mashine ya Channel F ya kampuni ya Fairchild, iliyotoka mikononi mwa timu ya Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi ambaye jina lake lilichelewa sana kutajwa.

Odyssey iliuzwa takriban 350,000 kwa miaka mitatu. Si haba, lakini wateja wengi walidhani inakubali TV za Magnavox pekee, na kwa kuwa iliuzwa na mawakala wa Magnavox, hakukuwa na wa kuwatoa haraka kwenye dhana hiyo.

Tarehe 24 Mei 1972, kabla haijafika madukani, Magnavox waliionyesha Burlingame, California. Kati ya waliofika alikuwamo Nolan Bushnell, kijana aliyekuwa ametoka kutengeneza na mwenzake Ted Dabney mashine ya sarafu iitwayo Computer Space, jaribio la kuibana Spacewar! iingie kwenye kabati la baa bila kompyuta ya bei mbaya. Bushnell alicheza tenisi ya Odyssey, akatia saini kitabu cha wageni, akaondoka. Mwezi uliofuata yeye na Dabney walisajili Atari, wakaajiri mhandisi aitwaye Al Alcorn, na kazi yake ya kwanza ikawa gemu ya mpira na vibao viwili. Bushnell alimdanganya kwamba ni zabuni ya General Electric. Alitaka tu kumpa zoezi jepesi.

Alcorn hakulichukulia kuwa jepesi, na hapo ndipo Pong ilipoiacha Odyssey mbali. Aligawa kibao vipande vinane, kila kipande kinarudisha mpira kwa pembe yake. Akafanya mpira uongeze kasi kadiri mnavyorudishiana. Alama zikaonekana juu ya kioo. Sauti ile ya "pok" aliikuta kwenye saketi iliyokuwa tayari inaongoza picha, akaichomoa. Vibao vyake havikufika juu kabisa ya kioo kwa sababu ya kasoro ya saketi. Akaiacha, na kasoro hiyo ikawa sehemu ya utamu, kwani bila hiyo wawili wazuri wangecheza mpaka alfajiri. Kioo chenyewe kilikuwa TV ya Hitachi ya dola 75. Maelekezo yalikuwa sentensi moja: usikose mpira upate alama nyingi. Na hii pia haikuwa kompyuta. Pong haina programu hata mstari mmoja. Ni saketi tupu.

Waliiweka kwenye baa ya Andy Capp's, mji wa Sunnyvale. Baada ya siku chache simu ikaja: mashine yenu imekufa. Alcorn alikwenda, akafungua mlango wa sarafu, akakuta kikopo kimefurika na sarafu zimeziba njia. Huo ndio ubovu wenyewe.

Kufikia 1974 kila mtengeneza mashine za sarafu Marekani alikuwa na mpira na vibao vyake. Magnavox wakaenda mahakamani Chicago, wakidai hataza za kisanduku cha Baer zimekiukwa. Hapo kitabu cha wageni cha Burlingame kikatolewa, na saini ya Bushnell ikiwa mahali pake. Hakukataa kwamba aliicheza, alisema haikumvutia. Atari walimalizana na Magnavox Juni 1976, nje ya hukumu, wakachukua leseni. Walionekana wameshindwa, lakini hesabu yao haikuwa mbaya, kwani washindani wao nao wangelipa. Mwaka huohuo ilikuwa imetoka chipu moja ya General Instrument yenye gemu za mpira na vibao tayari ndani yake, na makampuni chungu nzima yalikuwa yanaingia kwenye biashara ya TV gemu za nyumbani.

Tarehe 10 Januari 1977 Jaji John F. Grady alitoa hukumu: hataza ni halali, na aliitaja ya Baer kuwa ndiyo ya mwanzo katika fani hii. Kilicholindwa zaidi ni lile wazo la Rusch: nukta ya mtu inagonga nukta ya mashine, na nukta ya mashine inabadili mwendo. Lisome tena taratibu. Halikutaja tenisi. Gemu yoyote yenye kitu kinachogongwa kikabadili njia ilikuwa hatarini, na ndiyo maana watengeneza gemu kama Mattel, na baadaye Activision, walishtakiwa na kushindwa. Kwa miaka yote hiyo Magnavox na Sanders walivuna zaidi ya dola milioni 100.

Mawakili wa upande wa pili hawakulala. Walifukua maabara zote wakitafuta mtu aliyetangulia, na ndivyo Higinbotham, mzee aliyekuwa hata hajali, alivyojikuta akihojiwa kuhusu siku mbili tatu za maonyesho ya zamani. Mwaka 1985 Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, ndio waliomtegemea zaidi. Hoja yao ilikuwa fupi: tenisi kwenye kioo ilikuwepo 1958, kwa hiyo Baer hakubuni kitu. Mahakama ilijibu kwa kutazama waya. Mashine ya Brookhaven haikutoa mawimbi ya video. Kwa hiyo, kisheria, haikuwa gemu ya video. Nintendo wakashindwa.

Mimi nikiulizwa, naona mahakama ilikuwa sahihi kuhusu waya na finyu kuhusu mchezo. Waliopanga foleni Brookhaven hawakuuliza mwali unafuata mistari au haufuati. Lakini watu milioni hawangeweza kupanga foleni Brookhaven, na aliyewafikishia sebuleni ni Baer.

Nintendo nao hawakuwa wageni wa Odyssey. Ile bunduki ya mwanga iliyouzwa pembeni, ya kulengea nukta kwenye kioo, ilitengenezwa na wao Japani. Ilikuwa bunduki mbumbumbu: ndani yake mlikuwa na jicho la kuhisi mwanga tu, kwa hiyo ukiielekeza kwenye taa ya sebuleni ukafyatua, ilihesabu umepata. Walipokuja kutengeneza yao ya kupigia bata, waliizibia tundu hilo. Ukifyatua, kioo kizima kinakuwa cheusi kwa mpepeso mmoja, halafu mahali pa bata panatokea kisanduku cheupe, na bunduki inakubali tu kama imeona giza kwanza ndipo mwanga. Taa ya sebuleni haina giza. Sisi hatukuyajua hayo. Tulisimama chini ya balbu, tukafyatua mpaka vidole vikauma, tukamlaumu aliyetuuzia kaseti.